Mwaka Niliosomea Ubroka wa Mashamba

Nzioka amekufa. Habari zilinifikia kwa simu, katika kundi la WhatsApp ambalo sijui nani aliniingiza wala kwa nini sijatoka, na kabla sijamaliza kusoma ujumbe wa kwanza walikuwa wameshaanza kumwita mwalimu wa walimu. Mmoja aliandika kwamba bila darasa la marehemu asingekuwa na nyumba Syokimau. Mwingine aliandika kwamba marehemu alileta utaalamu katika kazi iliyokuwa ya wahuni. Wakapanga basi la kwenda mazishini, wakabishana jioni nzima kuhusu rangi ya fulana, mwishowe wakaafikiana kijani, kwa heshima ya makoti tuliyovaa enzi zile. Niliweka simu chini nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Sina ugomvi na maiti. Lakini nilikaa katika darasa lile karibu mwaka mzima, mbele, karibu na ubao, na ninachokikumbuka si utaalamu.

Niliingia kwa mlango wa rangi. Nilikuwa kijana niliyeacha shule mapema na nisiyeweza kukaa kazi moja. Nilikuwa nimebeba saruji Athi River mpaka pua zikaziba, nikalinda nyumba za maonyesho Syokimau, nikauza mbuzi siku za soko, na kila mahali niliondoka siku niliyohisi nimeelewa kazi inavyokwenda. Wakati huo nilikuwa nachora mabango mjini Machakos. Nzioka aliniita nimchoree bango la chuo chake, na nilipomaliza akasema fedha taslimu hana, ila naweza kukaa darasani bure mpaka nipate leseni. Nilikubali bila kufikiri. Nilitaka kujua ni nini hasa mtu anaweza kufundishwa kuhusu kuuza ardhi, maana mabroka wote niliowajua walijifunzia kwenye viti vya hoteli, simu mbili mezani na chai moja ya asubuhi mpaka saa sita. Bango lilisema MAFUNZO YA LESENI, MASHAMBA NA NYUMBA, NJOO UWE MTAALAMU. Nilimuuliza Nzioka leseni yake mwenyewe niichore wapi, juu au chini. Akaniambia yake iko njiani. Mwaka uliisha ikiwa njiani, na kwa kadiri nijuavyo amekufa ikiwa njiani.

Chuo kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Ulipanda ngazi za nje, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda nawe, ikaingia, ikakaa, mpaka daftari zikanuka kama ng'ombe aliyetoka josho. Mabenchi yalikuwa ya kanisa lililofungwa, na migongo yake bado ilikuwa na ubao wa kuwekea vitabu vya nyimbo. Ukutani palikuwa na picha ya nyumba ya Wazungu iliyokatwa kwenye kalenda, paa lake limefunikwa theluji. Picha ile ilifaa sana, kwa sababu masomo nayo yalitoka kulekule. Nzioka alikuwa amepata mahali fulani fotokopi za kitabu cha nchi ya baridi, na alitusomea ukurasa baada ya ukurasa bila kuruka kitu. Tulijifunza jinsi ya kumweleza mteja ubora wa chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Tulijifunza maswali ya kuuliza kuhusu bomba la moshi la sebuleni. Asubuhi moja nzima, dirisha liko wazi na vumbi la Machakos linatua kwenye meno yetu, watu wazima wenye watoto walikariri kwamba mwuzaji mwadilifu huhakikisha theluji imeondolewa mlangoni kabla mnunuzi hajafika. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mmoja anayecheka. Walikuwa wanapigia mstari.

Sisemi leseni ni kitu kibaya. Daktari wa ng'ombe ana leseni, na ninafurahi anapokuja nayo. Watu huniuliza hata leo, wakijua nimezunguka, kama mtoto wao akasomee kazi hii, na huwa nawauliza anataka kujua nini. Kama anataka kujua ardhi, asiende. Kama anataka kujua jinsi ya kusema "mali" badala ya "shamba", na "mteja" badala ya "mama wa watu", hakuna mahali bora. Darasa lile liliwapa wanafunzi wake msamiati, koti na kadi ya shingoni, na nimeishi kuona kwamba hivyo vitatu huvunja mlango ambao zamani ulihitaji uhuni wa kweli. Mhuni wa zamani alijulikana akiwa mbali, na mama alikuwa na muda wa kuingia jikoni na kujifanya hayuko.

Chakula cha mchana tulikula chini, kibandani, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na chai, na huko ndiko darasa la kweli lilikuwa. Mwanafunzi wetu bora alikuwa Mutiso, kijana nadhifu ambaye angeweza kuuza kivuli. Alikaa mwisho wa benchi, viatu vimeng'aa, akituhutubia.

"Mnunuzi wa Nairobi hanunui shamba," alisema. "Ananunua kuogopa kwamba kuna mwingine atalichukua."

"Hiyo umesoma ukurasa gani?" nilimuuliza.

"Wewe chora mabango, kaka. Mambo ya akili tuachie."

Walicheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa mcheshi kweli, na kwa sababu sentensi ile ilikuwa na ukweli kuliko fotokopi zote.

Aliyekuwa hacheki ni Kalondu. Alikuwa msichana mmoja peke yake kati yetu, aliuza vifuniko vya simu karibu na stendi ya magari, na karo yake alilipa kidogokidogo. Alikuwa hapigii mstari kitu. Aliketi mikono imekunjwa, akasikiliza theluji mpaka ikaisha, kisha akanyoosha mkono na kuuliza swali lilelile, kila wiki akilivisha nguo mpya.

"Mwalimu, niko na swali. Mama mjane, shamba liko kwa jina lake, hataki kuuza. Lakini shemeji yake ndiye ameleta mnunuzi. Huyo mama anafanya nini?"

Nzioka alivua miwani. Alikuwa na namna ya kuivua kama mtu anayekuhurumia.

"Hayo ni mambo ya nyumbani, Kalondu. Hapa tunasoma biashara."

"Lakini si ni yeye anauza?"

"Hiyo haiko kwa silabasi."

"Mpelekee huyo mama leso na soda baridi," alisema Mutiso kutoka nyuma. "Silabasi itajijibu."

Kibandani siku hiyo nilimuuliza Kalondu huyo mama ni nani, ingawa nilikuwa nimekisia. Alinieleza huku akichambua muthokoi, akitenga maharagwe upande mmoja kama mtoto. Shamba lilikuwa Mwala, karibu na barabara iliyokuwa inawekwa lami. Baba yake alikuwa amefariki na hati ikahamishwa ikawa kwa jina la mama. Baba yake mdogo ndiye aliyetaka liuzwe, na alikuwa anakuja pale nyumbani kila Jumapili baada ya kanisa, anakula, anasema bei zimepanda, anaondoka.

"Si akatae tu," nilisema.

"Hujui kwetu? Mwaitu hawezi kumjibu shemeji yake mbele ya watu. Hajawahi. Anajibu na kunyamaza." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. "Na kunyamaza kuko na mwisho. Ameniambia, wewe ukikataa, nimekataa. Siku utakubali, nimekubali. Ananiegemea mimi, na mimi sijui chochote. Ndiyo maana nalipa hii karo. Nataka kujua wanauza aje, ndio nijue wanazuiwa aje."

"Umemwambia mama unasoma hapa?"

"Nimwambie nasomea ubroka? Atalia."

Nimekutana na wanafunzi wengi maishani, na nimekaa kwenye madarasa mengi ambayo sikualikwa. Sijaona mwingine aliyekwenda shule kwa sababu nzuri zaidi, wala shule iliyomdharau mwanafunzi wake zaidi.

Mwishoni mwa kiangazi Nzioka alitangaza siku ya vitendo. Tungetoka na kwenda kwenye shamba halisi, kwenye saiti, kama alivyopenda kusema. Akakodi makoti ya kijani mahali, akaniambia nichore kadi za shingoni, kila moja iandikwe MTAALAMU. Asubuhi hiyo, kabla ya kuingia kwenye gari, alitupanga mstari na kutupa maagizo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na fotokopi mkononi.

"Mkifika, msiongee kama wanafunzi. Ongeeni kama wanunuzi. Pimeni kwa miguu. Pigeni picha. Ulizeni maji yanatoka wapi. Mmoja wenu aseme anataka upande wote wa mtoni, na mwingine abishane naye. Hayo ndiyo mafunzo ya vitendo. Mtu hawezi kujua kuuza kama hajui mnunuzi anasikia aje."

Maneno hayo yalionekana ya busara. Nilifurahi hata mimi. Tulipokata kona kwenye bwawa moja la mchanga na kuacha barabara, Kalondu, aliyekuwa amekaa kando yangu, alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Hapa ni kwetu," alisema.

Nilidhani anamaanisha upande ule wa Mwala. Kisha gari likaingia kwenye ua wa mikonge, nikaona nyumba, punda amefungwa, na mwanamume mmoja mwenye kofia akisimama kutupokea. Baba mdogo. Kando yake alisimama mgeni wa makamo, viatu vya mjini, gari lake jeupe kwenye kivuli. Sikuhitaji kuambiwa huyo ni nani. Mwalimu wetu alikuwa ametuleta tuwe umati. Mnunuzi wa kweli alikuwa mmoja tu, na sisi, kwa makoti yetu, ndio tungekuwa ile hofu ambayo Mutiso alisema watu wa Nairobi hununua.

"Sishuki," Kalondu alisema.

"Utashuka," Nzioka alimwambia kwa upole, mlango ukiwa wazi. "Wewe ndiye mwanamke peke yako tuliye naye. Mwanamke akiwepo watu wanaamini."

"Mwalimu, hii ni nyumba ya mama yangu."

Nimejiuliza mara nyingi kama Nzioka alikuwa anajua. Naamini hakujua. Uso wake ulibadilika, akafikiri kidogo, na nikaona ameshapata jibu, kwa sababu alitabasamu.

"Basi vizuri hata zaidi," alisema. "Shuka umsalimie."

Mimi alinituma mpaka wa chini kushika utepe wa kupimia, mbali, kule mtoni, kwa hiyo kilichofuata nilikiona kwa macho na kukisikia baadaye kwa mdomo wa Kalondu. Nyumba za kule mgeni hafiki akaondoka mkavu, hata akiwa amekuja kukunyang'anya. Mama yake alikuwa jikoni tangu asubuhi akiwapikia chai watu asiowataka. Alitoka na chupa ya chai na vikombe kwenye sinia, akainua macho, akamwona binti yake amesimama kati ya wanunuzi, koti la kijani, kadi shingoni. Hakuangusha kitu. Aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa Kalondu akamsalimia vilevile, kwa mikono miwili, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akammiminia chai kwenye kikombe cha wageni.

"Mwaitu, sivyo," Kalondu alisema. "Mimi nasoma tu. Hawa si—"

Nzioka alikuwa amemshika kiwiko. Kule ng'ambo Mutiso alikuwa anapaza sauti kwamba upande wa mtoni ni wake, na mwenzake akijibu kwamba pesa ndizo zitasema, na yule mgeni wa viatu vya mjini akawa anawatazama huku akijipapasa mifuko.

"Kunywa chai, itapoa," mama yake alisema. Akamgeukia shemeji yake, na kwa sauti ambayo hakuwa ametumia tangu zile Jumapili zianze, akamwambia, "Kama hata Kalondu amekuja na hao, mimi sina neno. Uzeni."

Njia ya kurudi ilikuwa ya furaha. Mutiso aliuliza kama tumeona jinsi alivyomwasha yule mgeni wa gari jeupe. Kalondu hakuwa kwenye gari. Alikuwa ameacha koti juu ya kiti cha mbele na kubaki nyumbani.

Wiki zilizofuata alinisimulia kwenye kimeza chake cha vifuniko vya simu. Alikuwa amemweleza mama yake yote, mara kwa mara, na mama alisikiliza.

"Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Ameniambia, umechoka na shamba, sikulaumu, vijana wote wamechoka. Nikimwambia nilikuwa mwanafunzi, ananiuliza, mwanafunzi gani anaficha mama yake shule?"

"Na umemjibu nini?"

"Ningejibu nini? Ni kweli nilificha."

Kulikuwa kumebaki mlango mmoja. Shamba la kilimo haliuzwi bila bodi ya ardhi kukaa, na bodi humwita mwenye hati na watu wa nyumba yake na kuwauliza kwa midomo yao kama wamekubali. Darasani jambo hili lilikuwa mstari mmoja: idhini ya bodi hupatikana kwa ada. Mimi nilikuwa nimeshahudhuria vikao vya bodi mara kadhaa bila kuwa na kesi, kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi na ndani watu walikuwa wanazungumza. Nilimwambia Kalondu aende, hata kama mama hamwamini. Asimame tu pale.

Tulikwenda pamoja. Chumba kilikuwa na viti vya plastiki na wazee wa bodi nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti wao alikuwa mtu mchovu aliyekula karanga kutoka mfukoni, moja moja. Nzioka alikuja na suti. Baba mdogo alizungumza vizuri, akaeleza kwamba familia imeketi na kukubaliana.

"Mama," mwenyekiti alisema, "hili shamba umekubali liuzwe?"

Mama akanyamaza.

"Amekubali," alisema shemeji yake. "Huyu mama amezoea kunyamaza."

"Wewe sijakuuliza. Mama?"

Alitazama mikono yake. "Muulizeni huyo msichana," alisema. "Akiwa amekubali, nimekubali."

Kalondu alisimama, na Nzioka akawahi. "Mheshimiwa, huyo ni mmoja wa wataalamu wangu. Alikuwa kwa saiti siku ile na wanunuzi."

Mwenyekiti aliacha karanga. Alimtazama Kalondu, kisha akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa siku ya kwanza juu ya duka la dawa za mifugo, kwa kila mmoja wetu.

"Wewe uko hapa kama broka ama kama mtoto?"

"Kama mtoto," alisema. "Ubroka nililipa karo tu."

Kisha hakuongea na bodi tena. Alimgeukia mama yake, kwa Kikamba, polepole, akamwambia kwamba alikataa kabla ya kwenda kusoma, alikataa akiwa amevaa lile koti, na alikataa akiwa ameshika kile kikombe, na kwamba kosa lake lilikuwa kutaka kurudi nyumbani akiwa anajua kitu. Mama aliinua macho kutoka kwenye mikono yake. Mzee mmoja alikohoa. Shemeji alianza kusema jambo na mwenyekiti akamnyooshea kidole bila kumtazama.

"Basi nimekataa," mama alisema, mbele ya watu, mbele ya shemeji yake, kwa sauti ambayo ilisikika mpaka kwenye foleni ya nje.

"Imekataliwa," alisema mwenyekiti. "Ingine."

Nje, baba mdogo alipita bila kuaga. Mama na binti yake walielekea sokoni, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na mama alitaka mbegu za kunde kabla hazijaisha. Walikuwa hawashikani mikono wala hawazungumzi. Walitembea tu kwa hatua moja.

Ningeacha darasa siku ile ile, lakini udadisi ni ugonjwa, na nilitaka kuona atasema nini. Jumatatu Nzioka aliingia akiwa na furaha isiyo ya kawaida. Hakutoa fotokopi. Alifuta ubao wote, mpaka pembeni kulikokuwa na tarehe za zamani, akaandika kwa herufi kubwa: KABLA YA ZIARA. Kisha akatugeukia.

"Mjane hana shida," alisema. "Shida ni mtoto wake. Kabla ya kwenda saiti, jua watoto wa mwenye shamba, wote, wako wapi na wanafanya kazi gani. Mtoto aonekane kwanza, peke yake, mbali na mama. Akikubali, mama ameisha."

"Na akikataa?" aliuliza Mutiso.

"Tafuta mtoto mwingine. Hakuna nyumba inakosa mmoja mwenye njaa."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetazama dirishani. Kalamu zote za chumba kile zilikuwa zinakwenda, na vichwa vimeinama juu ya mbao zilizotengenezwa kwa ajili ya vitabu vya nyimbo, na nikatambua kwamba kwa mara ya kwanza mwaka ule walikuwa wanafundishwa. Nilisimama. Nilikuwa nimefika mlangoni Mutiso aliponyoosha mkono na kuomba arudie pale pa mtoto mwenye njaa, asije akaandika vibaya, na Nzioka akarudia, taratibu, neno kwa neno, kama mwalimu anayesoma imla.